Bei ya Rafiki Mwenye Nguvu: Mapatano ya Wafalme, Kutoka Yerusalemu Hadi Kiganda

Mapatano ya wafalme wanaosimuliwa katika Biblia yalifungwa kwa mambo matatu: zawadi, ndoa na kiapo. Zawadi ilitangulia, mara nyingi fedha na dhahabu kutoka hazina. Ndoa iliunganisha nyumba mbili, binti wa mfalme mmoja akiolewa na mwana wa mwingine. Kiapo ndicho kilichokaza fundo, nacho kiliapwa mbele ya miungu ya pande zote mbili. Mnyama alikatwa vipande viwili, na walioapa wakapita katikati yake, wakijitakia yaliyompata mnyama iwapo wangevunja ahadi. Kitabu cha Yeremia, sura ya 34, kinawataja wakuu wa Yerusalemu waliopita hivyo katikati ya ndama. Mwaka 1955 wachimbaji wa mambo ya kale huko Nimrud, nchini Iraki, walifukua mabamba ya udongo yenye viapo ambavyo Esarhadoni, mfalme wa Ashuru, aliwaapisha watawala waliokuwa chini yake mwaka 672 KK. Orodha ya miungu walioitwa kuwa mashahidi ni ndefu, na orodha ya laana ni ndefu zaidi.

Mwambao wa Ziwa Tanganyika nao uliishi na desturi ya aina hiyo. Katika karne ya 19, wakuu wa pwani hii na wageni waliotoka Ujiji, Unyamwezi na Unguja walifanya undugu wa kuchanjiana: damu kidogo ya huyu iliingia mwilini mwa yule, na maapizo yakatamkwa juu ya atakayemgeuka mwenzake. Msafiri Stanley alichanjiana na Mirambo wa Unyamwezi mwaka 1876. Huko Mashariki ya Kati na huku kwenye Maziwa Makuu, hakuna aliyeyachukulia mapatano kuwa siasa tupu. Yalikuwa ibada. Mtu aliyeapa aliweka maisha yake, na ya watu wake, mikononi mwa yule aliyemwita kuwa shahidi. Asiyelijua hilo atashangaa kwa nini manabii wa Israeli walipaza sauti kila mfalme alipotuma wajumbe ng'ambo ya mpaka.

Lakini si kila urafiki na mgeni uliolaaniwa. Ibrahimu alikuwa na patano na Mamre, Eshkoli na Aneri, Waamori waliokuwa jirani zake, nao walikwenda naye kumwokoa Lutu. Daudi alikuwa rafiki wa Hiramu wa Tiro, na mierezi ya Lebanoni ikajenga nyumba yake. Rahabu wa Yeriko na Ruthu Mmoabu waliingia katika ukoo wa kifalme wenyewe. Uria, askari mwaminifu kuliko mfalme aliyemuua, alikuwa Mhiti. Katika nchi ambazo damu imemwagika kwa sababu ya kabila, Burundi ikiwamo, jambo hili linastahili kusemwa waziwazi mimbarini: maonyo ya manabii kuhusu mapatano hayakuhusu damu ya mtu wala kabila lake. Yalihusu maswali mawili. Mfalme anamtegemea nani anapoogopa? Na anatoa nini ili alindwe?

Sheria ya mfalme katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 17, iliyajibu mapema. Mfalme asijiongezee farasi, wala asiwarudishe watu Misri kutafuta farasi, asijiongezee wake, asijirundikie fedha na dhahabu. Farasi walikuwa silaha za vita, wake wengi wa kifalme walikuwa mikataba mingi, na dhahabu ndiyo iliyolipia vyote viwili. Sulemani alizivunja zote tatu. Alianza na binti Farao, akafikia wake 700 wa nasaba ya kifalme na masuria 300. Kila mmoja alikuja na wajumbe wake na mungu wake, hata mlima ulio mashariki ya Yerusalemu ukajengwa mahali pa ibada kwa Kemoshi wa Moabu na Moleki wa Waamoni. Ufalme ukagawanyika mara baada ya kifo chake.

Hatari yenyewe inaonekana vizuri zaidi kwa Asa, kitukuu wa Sulemani, kwa sababu mapatano yake yalifanikiwa. Baasha, mfalme wa Israeli, alikuwa akijenga ngome Rama, karibu kabisa na Yerusalemu, ili kuziba njia ya watu kuingia na kutoka Yuda. Asa akakusanya fedha na dhahabu zilizosalia katika hazina za hekalu na za nyumba yake, akazipeleka Dameski kwa Ben-hadadi, mfalme wa Shamu. Ben-hadadi alikuwa tayari na agano na Baasha, kwa hiyo Asa alimlipa mtu ili avunje kiapo chake. Majeshi ya Shamu yakaipiga miji ya Iyoni, Dani, Abel-beth-maaka na nchi yote ya Naftali. Baasha akaiacha Rama. Asa akawaita watu wa Yuda wote, wakabeba mawe na miti ya ngome ile, wakajengea miji ya Geba na Mispa.

Kwa hesabu ya kawaida, Asa alishinda bila kupoteza askari. Ndipo Hanani mwonaji alipomwendea na kumwambia kwamba ametenda upumbavu, na kwamba tangu hapo atakuwa na vita. Asa akamtia gerezani, akawaonea na baadhi ya watu. Huyu ndiye mfalme ambaye zamani aliomba, akalishinda jeshi kubwa la Wakushi bila kununua msaada wa mtu. Fedha ilipofanya kazi mara moja, maombi yakaonekana njia ndefu, na sauti ya kumkosoa ikawa kero ya kufungiwa. Tena walioumia katika ushindi huo walikuwa wanavijiji wa Naftali, ndugu wa Yuda kwa ukoo, ambao hawakuwa na neno lolote katika ugomvi wa Rama. Na Dameski, uliokwisha kuonja dhahabu ya Yerusalemu, ukajua njia ya kwendea huko.

Mwana wa Asa, Yehoshafati, alikuwa mfalme mwema kwa kila kipimo cha waandishi wa Biblia. Aliwatuma Walawi wakafundishe sheria mji kwa mji, akaweka waamuzi, akapendwa na watu. Udhaifu wake ulikuwa mmoja: hakuweza kusema hapana kwa jirani aliye tajiri. Akamwoza mwanawe Yehoramu kwa Athalia, wa nyumba ya Ahabu. Ahabu hakuwa mtu mdogo. Jiwe la Kurkh, lililopatikana kusini-mashariki mwa Uturuki mwaka 1861 na ambalo sasa liko London, linaeleza vita vya Karkari vya mwaka 853 KK, na linampa Ahabu magari ya vita 2,000 na askari 10,000 katika muungano uliopigana na Ashuru. Kuoana na nyumba kama hiyo kulionekana kuwa busara.

Baada ya ndoa ukaja mwaliko. Ahabu alichinja kondoo na ng'ombe wengi kwa ajili ya mgeni wake, kisha akamwomba waende pamoja kuutwaa mji wa Ramoth-Gileadi. Yehoshafati akakubali kwanza, ndipo akaomba neno la Bwana liulizwe. Utaratibu huo uliogeuzwa ndio ugonjwa wake wote. Manabii 400 walioishi kwa mkate wa mfalme walitabiri ushindi, na mmoja wao, Sedekia mwana wa Kenaana, alijitengenezea pembe za chuma ili aonyeshe namna Washami watakavyosukumwa. Mikaya mwana wa Imla peke yake alisema kwamba Israeli watatawanyika kama kondoo wasio na mchungaji. Alipigwa kofi na kurudishwa kifungoni. Yehoshafati, aliyemtaka nabii wa Bwana, alimsikia, akanyamaza, akapanda gari lake akaenda vitani.

Kilichofuata kinaeleza mengi kuhusu rafiki wa aina hiyo. Ahabu alijibadilisha mavazi ili asitambuliwe, akamwacha Yehoshafati avae mavazi yake ya kifalme. Wakuu wa magari ya Shamu walikuwa wameamriwa wasipigane na mtu mwingine ila mfalme wa Israeli, na mtu pekee aliyeonekana kama mfalme uwanjani alikuwa mgeni wa Yuda. Walimzunguka. Alipiga kelele, wakamtambua kuwa siye, wakamwacha. Ahabu alipigwa na mshale uliopenya kwenye maungio ya deraya yake, akafa jua lilipokuwa likitua.

Yehoshafati alirudi salama Yerusalemu, akakemewa na Yehu mwana wa Hanani, yaani mwana wa yule mwonaji aliyefungwa na Asa. Hakumfunga, na kwa hilo alimzidi baba yake. Lakini akarudia. Akaungana na Ahazia, mwana wa Ahabu, kujenga merikebu Esion-geberi kwenye Bahari ya Shamu. Zikavunjika pale pale. Huko Minago na Rumonge, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika nchini Burundi, mahali ambapo mbao, injini, taa na nyavu za ndagala hukopewa kabla samaki wa kwanza hajavuliwa, hasara ya chombo kinachovunjika gatini haihitaji mfasiri. Baadaye tena alikwenda na ndugu wa huyo Ahazia kupigana na Mesha wa Moabu, na majeshi yakakaribia kufa kwa kiu jangwani.

Gharama kubwa haikuwa merikebu. Yehoshafati alipofariki, Yehoramu, mkwe wa nyumba ya Ahabu, aliwaua ndugu zake sita kwa upanga. Wavamizi wakawaua wanawe wote isipokuwa mdogo kabisa, Ahazia wa Yuda. Huyo alitawala mwaka mmoja, akaenda kumjulia hali mjomba wake huko Yezreeli siku ile ile mapinduzi ya Yehu mwingine, si yule mwana wa Hanani, yalipolipuka, akauawa pamoja na jamaa zake 42. Athalia aliposikia kwamba mwanawe amekufa, akaangamiza wazao wote wa kifalme waliosalia. Mtoto mchanga mmoja, Yoashi, aliibwa na shangazi yake Yehosheba akafichwa hekaluni miaka sita. Nyumba ya Daudi, iliyotafuta usalama kwa harusi, ilibaki imening'inia kwenye uhai wa mtoto mmoja anyonyaye. Yehoshafati hakuyaona hayo. Wajukuu zake ndio waliolipa.

Yupo mfalme mmoja aliyejaribu kujitoa kabla mambo hayajaharibika, naye hatajwi sana katika mahubiri. Amazia wa Yuda alikodi askari 100,000 kutoka Israeli kwa talanta 100 za fedha ili waende naye vitani Edomu. Mtu wa Mungu akamwambia asiende nao. Swali la Amazia lilikuwa la mtu wa kawaida kabisa: na zile talanta 100 zilizokwisha kulipwa? Jibu lilikuwa kwamba Bwana aweza kumpa zaidi ya hizo. Akawarudisha makwao, akashinda bila wao. Lakini askari waliorudishwa walikasirika, wakaishambulia miji ya Yuda, wakaua watu 3,000 na kuteka mali. Mwandishi wa Mambo ya Nyakati hakulificha hilo, na anastahili sifa kwa uaminifu huo. Kujitoa katika mapatano mabaya ni sahihi, na kunauma.

Karne ya 8 KK ilileta mshirika wa kimo kingine. Ashuru haikuwa jirani wa kubadilishana naye zawadi. Ilikuwa dola yenye jeshi la kudumu, mabwana wa ushuru, na desturi ya kuhamisha mataifa mazima. Menahemu wa Israeli alilipa talanta 1,000 za fedha ili kiti chake kithibitishwe, akawatoza matajiri shekeli 50 kila mmoja. Kwa kuwa talanta moja ilikuwa na shekeli kama 3,000, hiyo ni michango ya watu wapatao 60,000, kwa ajili ya kumbakiza mtu mmoja kitini.

Miaka michache baadaye, yapata mwaka 734 KK, Resini wa Dameski na Peka wa Israeli walipanda kuuzingira Yerusalemu ili wamwondoe Ahazi na kumweka mfalme wao. Isaya alitumwa kumkuta Ahazi kwenye mfereji wa birika la juu, karibu na Uwanda wa Dobi, pengine mfalme alipokuwa akikagua maji ya mji kabla ya kuzingirwa. Ujumbe ulikuwa mfupi: atulie, wafalme wale wawili ni vinga viwili vinavyotoa moshi. Alipoambiwa aombe ishara yoyote, Ahazi alikataa kwa maneno ya uchaji, akidai hataki kumjaribu Bwana. Ukweli ni kwamba alikuwa amechagua msaada mwingine. Alituma wajumbe kwa Tiglath-pileseri wa Ashuru, akajiita mtumishi wake na mwanawe, akapeleka fedha na dhahabu ya hekalu.

Mpango huo nao ulifanikiwa, kwa kishindo. Dameski uliangushwa mwaka 732 KK na Resini akauawa. Kumbukumbu za Tiglath-pileseri zinamtaja Yehoahazi wa Yuda, jina refu la Ahazi, katika orodha ya wafalme waliomletea kodi, akiwa katikati ya wakuu wa Amoni, Moabu na Edomu. Kwa mwandishi wa Ashuru hakuwa rafiki. Alikuwa mstari mmoja katika daftari la walipaji.

Ahazi alikwenda Dameski kumlaki bwana wake mpya. Huko aliona madhabahu iliyompendeza. Akamtumia kuhani Uria mchoro na vipimo vyake, na Uria, asiyeandikwa popote kuwa alipinga, akaijenga kabla mfalme hajarudi. Madhabahu ya shaba ya zamani ikasogezwa kando, upande wa kaskazini. Kisha Ahazi akakata papi za vitako vya hekalu. Akaishusha bahari ya shaba, lile birika kubwa la Sulemani lililobebwa na ng'ombe 12 wa shaba, akaiweka chini juu ya sakafu ya mawe. Ukumbi uliofunikwa na njia ya nje ya mfalme vikaondolewa katika nyumba ya Bwana kwa sababu ya mfalme wa Ashuru. Orodha hii ya mafundi na nyundo inatisha kuliko mstari wowote wa vita. Anaonekana mtu akibomoa nyumba ya ibada ya baba zake, kipande kwa kipande, ili kumlipa na kumpendeza mlinzi, huku watu wa mji wakipita na kutazama. Mwandishi wa Mambo ya Nyakati anaweka hukumu wazi: Tiglath-pileseri alimsumbua Ahazi, hakumtia nguvu.

Mwaka 701 KK Ashuru ilirudi, safari hii kama adui, chini ya Senakeribu. Mwana wa Ahazi, Hezekia, alikuwa ameacha kulipa. Senakeribu anajisifu katika maandishi yake kwamba aliteka miji 46 yenye maboma ya Yuda. Picha za kuchongwa za kuanguka kwa Lakishi zilizopamba jumba lake huko Ninawi zipo hadi leo. Hezekia alilazimika kung'oa dhahabu katika milango ya hekalu, dhahabu aliyoipaka yeye mwenyewe. Na mjumbe wa Ashuru aliyekuja kuwatukana watu wa Yerusalemu alisimama penye mfereji wa birika la juu, njia ya Uwanda wa Dobi, mahali pale pale Isaya alipomsihi Ahazi atulie. Hezekia aliokoka kwa kuomba. Hata hivyo, siku alipopona ugonjwa wake, aliwaonyesha wajumbe wa Merodak-baladani wa Babeli kila kitu kilichokuwa katika nyumba yake ya hazina, na Isaya akamwambia vyote vitachukuliwa huko huko Babeli.

Sedekia, mfalme wa mwisho, alinaswa na upande wa pili wa mtego. Nebukadreza wa Babeli alimtawaza na kumwapisha kwa Mungu. Sedekia akatuma Misri kuomba farasi na watu, akakivunja kiapo. Mtu angedhani manabii wangefurahi kuona nira ya mpagani ikitupwa. Ezekieli, sura ya 17, anasema kinyume: atokaje salama mtu aliyedharau kiapo? Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Yoshua alidanganywa na Wagibeoni kwa mikate yenye ukungu na viriba vilivyochakaa, lakini kiapo kilibaki kiapo, na Sauli alipowaua Wagibeoni karne kadhaa baadaye, njaa ya miaka mitatu ikaipata nchi. Jeshi la Farao lilitoka kumsaidia Sedekia, kisha likarudi Misri. Mwaka 586 KK, kwa hesabu ya wengi, Yerusalemu ulichomwa. Sedekia aliwaona wanawe wakichinjwa huko Ribla, halafu akapofushwa macho.

Mambo haya husomwa na kuhubiriwa kila mwaka katika makanisa ya Minago, Rumonge na vilima vya juu yake, na mara nyingi hubaki kuwa habari za nchi ya mbali. Lakini Burundi nayo ina historia ya wafalme walioita wenye nguvu waje kuamua ugomvi wa nyumbani, na sehemu ya historia hiyo iliingilia pwani hii.

Ziwa ndilo lililokuwa mlango. Livingstone na Stanley walipita kwa mtumbwi kuelekea kaskazini mwezi Novemba 1871. Jiwe la Mugere, kusini mwa Bujumbura, limechorwa tarehe ya mwezi huo, na wakuu waliowakuta walikuwa wakipigana wao kwa wao. Mwaka 1879 Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana kama Mapadri Weupe, walifungua kituo Rumonge. Tarehe 4 Mei 1881 watu watatu wa kituo hicho waliuawa hapo, na kituo kikafungwa. Kisha akaja Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan, kutoka Ujiji, na bunduki zake. Alijiimarisha kando ya ziwa lakini hakuweza kupanda milimani, kwa sababu mwami (yaani mfalme) wa Burundi, Mwezi Gisabo, aliyetawala tangu katikati ya karne hiyo, alimzuia. Sera ya Gisabo kwa wageni wote ilikuwa kuwakwepa.

Wajerumani walijenga kituo cha kijeshi Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, mwaka 1897. Milimani, Gisabo alikuwa na maadui wawili wa karibu. Kilima, upande wa kaskazini-magharibi, alidai kuwa wa uzao wa mwami Ntare Rugamba. Maconco alikuwa mkwe wa Gisabo mwenyewe, mtu aliyepewa binti ya mwami. Wote wawili walifanya alichofanya Ahazi: walijipeleka kwa jeshi la kigeni na kujitoa kuwa wenzake dhidi ya ndugu. Kapteni Friedrich Robert von Beringe, yule ambaye jina lake lilipewa sokwe mkubwa wa milima ya Virunga, aliwapokea. Mwaka 1903 alipanda milimani na askari wake, wapiganaji wa wakuu hao wakiwa pamoja naye, na makazi ya mwami yakachomwa moto. Gisabo alikimbia kutoka mahali hadi mahali, mpaka akajisalimisha.

Mapatano yalifungwa mahali paitwapo Kiganda tarehe 6 Juni 1903. Gisabo aliukubali utawala wa Kijerumani, aliahidi kutowasumbua wamisionari wa Muyaga na Mugera, aliwatambua Kilima na Maconco kuwa wakuu wasio chini yake, na akatozwa faini ya ng'ombe zaidi ya 400. Faini hiyo ya ng'ombe inahitaji kufikiriwa polepole. Katika Burundi ya wakati ule ng'ombe alikuwa mahari, shukrani, na kifungo cha ubugabire kati ya mwenye mifugo na mtu wake. Kuwaswaga mamia kwenda Usumbura kulikuwa kukata mamia ya uhusiano kati ya watu. Nani aliyetoa ng'ombe hao? Kama walivyokuwa matajiri wa Menahemu na wanavijiji wa Naftali, ni watu ambao hawakuketi Kiganda.

Kwa Kilima na Maconco mwaka huo ulikuwa wa ushindi kamili. Walipata kila walichokiomba. Haukudumu. Serikali ya koloni huko Dar es Salaam haikutaka nchi iliyokatwa vipande. Ilitaka mfalme mmoja wa kutawala kupitia kwake. Mwaka 1905 Wajerumani walimtambua Gisabo kuwa mwami wa Burundi yote. Maconco aligombana na walinzi wake Wajerumani akauawa nao. Kilima alikamatwa na kupelekwa uhamishoni kusini mwa koloni. Von Beringe na jeshi lake wangeweza kupanda milimani hata bila wao. Mpaka wa koloni ulikwisha kuchorwa Ulaya, kama vile Ashuru ingefika Palestina hata bila barua ya Ahazi. Kilichoamuliwa na wakuu wale wawili ni kwamba wageni waingie wakiwa waamuzi kati ya ndugu, na mwamuzi wa namna hiyo hubadilisha upande pale maslahi yake yanapobadilika.

Gisabo naye alionja msaada ule ule. Baada ya 1905 bunduki za Kijerumani zilitumika kuwatiisha wakuu waliomkaidi, na eneo lake likapanuka tena. Aliyewakwepa wageni maisha yake yote alimalizia utawala wake akiegemea mkono wao. Alifariki Agosti 1908. Mrithi wake Mutaga alikuwa kijana, na alipofariki mwaka 1915 akafuata Mwambutsa, mtoto mdogo. Mwaka 1916 Wabelgiji walichukua nafasi ya Wajerumani, wakakuta nchi iliyozoea kwamba neno la mwisho hutoka Usumbura. Chini yao Umuganuro, sherehe ya mtama iliyokuwa moyo wa ufalme na ngoma yake Karyenda, ilikoma kuadhimishwa kama zamani. Haikuwa ibada ya Biblia, lakini ilikuwa ya Warundi, na iliwekwa kando kama madhabahu ya shaba ya Yerusalemu ilivyosogezwa upande wa kaskazini.

Utawala wa kigeni uliotiwa muhuri Kiganda kwa ugomvi wa baba mkwe na mkwewe uliondoka Burundi tarehe 1 Julai 1962. Ufalme wenyewe uliishi miaka minne zaidi, ukafutwa Novemba 1966.